UZI: St Leger ya Doncaster, kaka mkubwa wa mbio za farasi wa miaka mitatu (1776 hadi leo)

Hatamu (mwanzisha uzi)

Kila Juni jukwaa hufurika Derby ya Epsom. Septemba ikifika, kimya. Ilhali mkubwa wa nyumba ile si Derby, ni St Leger. Mbio tano za Klasiki za Uingereza (mbio kuu za farasi wa miaka mitatu) zilianza hivi: St Leger 1776, Oaks 1779, Derby 1780, 2000 Guineas 1809, 1000 Guineas 1814. Derby ni mdogo wake kwa miaka minne, ila ndiye aliyezoa sifa zote.

Anthony St Leger alikuwa mwanajeshi aliyepata pia kuwa mbunge. Aliishi Park Hill, jirani na mji wa Doncaster, Yorkshire. Alipendekeza mbio za farasi wa miaka mitatu, umbali wa maili 2, zikimbiwe mara moja tu na mshindi apatikane papo hapo. Zikafanyika tarehe 24 Septemba 1776 kwenye uwanda wa Cantley Common. Kiingilio kilikuwa gini 25. Gini moja ni shilingi 21 za wakati ule, kwa hiyo kila mwenye farasi aliweka mezani pauni 26 na shilingi 5, na mchango ule ndio uliokuwa zawadi ya mshindi.

Alishinda jike wa Marquess wa Rockingham, mwanasiasa aliyekuwa ameshakaa uwaziri mkuu wa Uingereza na akaja kuukalia tena 1782. Mpandaji alikuwa John Singleton. Jike mwenyewe hakuwa na jina siku ile, Allabaculia ni jina la baadaye. Mbio nazo hazikuwa na jina! Zilipata jina 1778, kwenye chakula cha usiku katika hoteli ya Red Lion mjini Doncaster. Watu walitaka ziitwe kwa heshima ya Rockingham, yeye akasema heshima hiyo apewe mwenye wazo. Mwaka huohuo zikahamia Town Moor, na hapo ndipo zilipo hadi sasa.

Umbali ulipunguzwa 1813 kuwa maili 1, falongi 6 (falongi 8 ni maili 1) na yadi 193. Leo ni mita 2,937.

KwatoNne

Hatamu, uzi mzuri, ila hiyo 2,937 imepitwa na wakati. Hicho ni kipimo cha maili 1, falongi 6 na yadi 132, kilichokuwa kimeandikwa kwenye vitabu kwa miaka mingi. Viwanja vya Uingereza vilipimwa upya, kipimo kikafuata mstari ulio yadi 2 nje ya uzio wa ndani, kwa sababu farasi hakimbii juu ya uzio. Doncaster ikatoka na maili 1, falongi 6 na yadi 115, yaani mita 2,921 na ushee. Anayelinganisha muda wa miaka ya themanini na wa sasa akumbuke hilo.

Halafu umeruka jambo kubwa: kwa nini wazo la St Leger lilikuwa geni. Kabla yake, farasi wa heshima alianza kukimbia akiwa mtu mzima. Eclipse, ambaye kila mtu anamjua, alianza 1769 akiwa na miaka mitano. Mbio zilikuwa za maili 4, tena kwa mikondo: farasi walewale wanakimbia, wanapumzishwa kidogo, wanafutwa jasho, wanarudi tena, mpaka mmoja ashinde mikondo miwili. Kwenye mbio za zawadi ya Mfalme farasi wa miaka sita alibeba stone 12, kilo 76. Na ukiachwa nyuma zaidi ya yadi 240 mshindi anapofika, huruhusiwi kurudi mkondo unaofuata, umetolewa. Mchana mmoja farasi aliweza kukimbia maili 12.

Sasa piga hesabu ya mwenye farasi. Amemlisha mnyama shayiri miaka mitano kabla hajajua kama ana farasi au ana punda wa bei kali. St Leger ilimpa jibu kwenye miaka mitatu, kwa mkimbio mmoja. Ndiyo maana Oaks na Derby zilifuata haraka vile. Derby yenyewe ilianza na maili 1 tu, ikaongezwa kuwa maili 1 na nusu 1784.

Shayiri

Swali la mgeni. "Miaka mitatu" inahesabiwaje? Kila farasi ana siku yake ya kuzaliwa?

Dada Matandiko

Siku yake anayo, lakini haihesabiwi. Farasi wote wa mbio wa kaskazini mwa dunia wanatimiza mwaka tarehe 1 Januari. Aliyezaliwa 3 Februari na aliyezaliwa 20 Mei mwaka mmoja ni marika kwenye karatasi. Jike hubeba mimba miezi 11, kwa hiyo msimu wa kupandisha hufunguliwa katikati ya Februari ili ndama wa kwanza wazaliwe Januari mwishoni na Februari mwakani. Hatari ni kuharakisha: jike akizaa tarehe 30 Desemba, ndama wake anatimiza "mwaka mmoja" akiwa na siku mbili, na hapo mbio za rika lake zote zimempotea.

Hii inaathiri Klasiki moja kwa moja. 2000 Guineas iko mwanzoni mwa Mei, na wakati huo miezi mitatu ya tofauti inaonekana kabisa kwenye misuli na mifupa. Septemba, kwenye St Leger, pengo limeshapungua. Farasi wengi wa Leger ni wale waliokuwa warefu na wembamba Mei, miguu mingi kuliko akili, wakakamilika majira ya joto.

Zamani umri ulithibitishwa kwa meno. Meno mawili ya katikati ya mbele hubadilika akiwa na miaka 2 na nusu, jozi ya pili miaka 3 na nusu, ya pembeni miaka 4 na nusu. Derby ya 1844 ilishindwa na "Running Rein", ambaye kumbe alikuwa Maccabeus wa miaka minne aliyeingizwa kwa jina la mwingine. Farasi wa miaka minne dhidi ya wa mitatu mwezi Mei ni kama kidato cha nne kucheza na darasa la saba. Aliponyang'anywa, ushindi akapewa Orlando. Siku hizi kuna chipu shingoni, pasipoti ya farasi na vipimo vya vinasaba, mchezo ule umekwisha.

Falongi ya Mwisho

Niongeze uwanja wenyewe, maana ukiujua ndio utaelewa kwa nini baadhi ya majina makubwa yalizama pale.

Doncaster inakwenda mkono wa kushoto, umbo la peasi, mzunguko unakaribia maili 2. Karibu kote ni tambarare, isipokuwa kilima kidogo cha Rose Hill upande wa mbali. Wa Leger wanazunguka karibu uwanja wote, kisha wanaingia kwenye mnyoofu wa mwisho wenye zaidi ya falongi 4 na nusu, yaani mita 900 hivi. Hapo ndipo shida ilipo. Epsom unashuka kwa kasi Tattenham Corner, mnyoofu wake unapinda na kuteremka, farasi mwepesi mwenye mizani nzuri anaweza kujificha. Doncaster hakuna pa kujificha. Joki (mpandaji) akimwachia farasi mara tu anapotoka kwenye kona, ana mita 900 za kulipa deni.

Kosa la pili ni kinyume chake: wote wanaogopa umbali, wanakwenda taratibu maili nzima, mbio zinageuka kuwa za kasi ya mita 600 za mwisho. Farasi wa pumzi ndefu hapo ameibiwa silaha yake. Ndiyo sababu zizi lenye farasi wa stamina huingiza na wa pili wa kuvuta mwendo mbele.

Rekodi ni ya Logician, 2019, dakika 3 na sekunde 0.27, joki Frankie Dettori. Gawanya: ni wastani wa kilomita 58 kwa saa kwa karibu kilomita 3, kutoka kusimama. Siku ile ardhi ilikuwa kavu. Mvua ya Septemba ikinyesha siku tatu, sahau muda.

Majike wanapunguziwa ratili 3 za uzito wanaobeba, kilo 1.4 hivi.

Shayiri

Nimeona mahali kwamba kuna mwaka zilikimbiwa mara mbili. Kweli au porojo?

KwatoNne

Kweli, 1819. Antonio alishinda, walioachwa wakalalamika kwamba mwanzo ulikuwa batili. Mbio zikarudiwa, Antonio hakurudi, akashinda Sir Walter. Jockey Club, chama kilichosimamia mbio, ikaamua mkimbio wa kwanza ulikuwa halali, Antonio akabaki na ushindi. Kumbuka hakukuwa na vizimba vya kuanzia, farasi walipangwa kwa macho na sauti, na farasi kumi na kitu wenye damu ya moto hawasimami kama askari wa gwaride. Vizimba viliingia Uingereza 1965, na kwenye Klasiki 1967.

Visa vya pale haviishi. 1789 Zanga alifika wa kwanza, akanyang'anywa kwa kusukuma wenzake, akapewa Pewett. 1822 Theodore alishinda akiwa amewekewa dau la 200 kwa 1. 1834 Plenipotentiary, mshindi wa Derby ambaye hakuwa amewahi kushindwa, alifika karibu wa mwisho na hadi leo watu wa mbio wanaamini alitiliwa kitu. Aliyenufaika, Touchstone, hakuwa farasi wa bahati hata kidogo. Alikuja kuwa dume la mbegu lililoacha jina. 1850 Voltigeur alitoka sare na Russborough, wakakimbia tena siku ileile, Voltigeur akashinda. Siku mbili baadaye akampiga The Flying Dutchman kwenye Doncaster Cup. Leo farasi wa namna hiyo angepumzishwa wiki tatu.

Dada Matandiko

Na 2015, usiisahau, maana pale sheria ya kusukumana ilisomwa mara mbili ndani ya siku 11. Simple Verse, jike, joki Andrea Atzeni, alikuwa amefungiwa ndani akatafuta mlango akiwa na Bondi Beach ubavuni. Wakagusana njiani, Simple Verse akashinda kwa urefu wa kichwa. Wasimamizi wa siku wakampa ushindi Bondi Beach. Wenye jike, Qatar Racing, wakakata rufaa, jopo likamrudishia.

Swali la wasimamizi Uingereza si "alimgusa?" Swali ni "bila kuguswa, aliyeguswa angefika mbele yake?" Ni jambo la uwezekano, ndiyo maana picha zilezile zinatoa majibu mawili. Joki anaweza kufungiwa siku kadhaa na farasi akabaki na ushindi. Simple Verse alikuwa jike wa kwanza kushinda Leger tangu User Friendly 1992.

Mlinzi wa Zizi

Tuje kwenye lenye uzito. Mataji Matatu ni 2000 Guineas (maili 1, Mei), Derby (maili 1 na nusu, Juni) na St Leger. West Australian ndiye wa kwanza kuyabeba yote, 1853. Baada yake wamefuata wengine, akiwemo Gladiateur wa Ufaransa 1865, ambaye Wafaransa walimwita mlipiza kisasi cha Waterloo, Ormonde 1886, Bahram 1935, na wa mwisho Nijinsky 1970. Jumla 15 tangu 1853, na watatu kati yao (1915, 1917, 1918) walipata taji la tatu Newmarket kwa sababu ya vita.

Na Nijinsky ndiye aliyeiua Leger. Alishinda, halafu Oktoba akashindwa kwa urefu wa kichwa na Sassafras kwenye Arc (Prix de l'Arc de Triomphe) ya Paris, akapigwa tena kwenye Champion Stakes. Wamiliki wote wakaona: Leger inamaliza farasi.

Falongi ya Mwisho

Hapo nakukatalia, Mlinzi. Agosti ile Nijinsky alipata choa kikali. Manyoya yalimtoka, tandiko halikukalika, siku za mazoezi zikapotea. Akapelekwa Doncaster hivyo hivyo, Lester Piggott akashinda naye bila kumsukuma sana. Kisha safari, kisha Arc, wiki tatu. Halafu Arc yenyewe alipoteza kwa kichwa, akitokea nyuma mno. Ukimwuliza daktari wa farasi, atakuambia ugonjwa wa ngozi na kukosa mazoezi. Ukimwuliza mwenye farasi anayetaka kisingizio, atakuambia Leger.

Mlinzi wa Zizi

Choa nakubali. Lakini tazama kilichofuata. Mshindi wa mwisho wa Derby kushinda Leger ni Reference Point, 1987. Camelot alijaribu 2012, ameshabeba Guineas na Derby, joki Joseph O'Brien. Mwendo ulikuwa wa polepole, akachelewa kuachiwa, Encke wa Godolphin akamtangulia kwa robo tatu ya urefu wa farasi, kwa bei ya 25 kwa 1. Mwaka uliofuata Encke alikuwa miongoni mwa farasi wa zizi lile waliokutwa na steroidi, mkufunzi Mahmood Al Zarooni akafungiwa miaka minane. Matokeo ya 2012 hayakuguswa. Inauma kila ukiyasoma.

Tatizo ni soko. Dume anayeshinda maili 1 au maili 1 na robo anauzwa kwa mbegu bei ya juu, kwa sababu wanunuzi wanataka watoto wa kasi watakaoanza kukimbia na miaka miwili. Ushindi wa maili 1 na falongi 6 unamwandika "mzito". Angalia Milan wa 2001, Scorpion wa 2005: waliishia kuzalisha farasi wa kuruka viunzi. Na kalenda nayo inabana, Irish Champion Stakes iko wikiendi ileile, Arc wiki tatu mbele.

Hatamu

Basi tuseme na upande wa pili. Familia ya Maktoum ya Dubai ilipata Klasiki yake ya kwanza ya Uingereza hapohapo Doncaster, Touching Wood 1982. Miaka mitatu baadaye Oh So Sharp wa Sheikh Mohammed akabeba Mataji Matatu ya majike: 1000 Guineas, Oaks, St Leger. Hakuna jike aliyerudia. 2022 Eldar Eldarov alishinda kwa rangi za Bahrain, mwaka ambao mbio zilisogezwa hadi Jumapili kwa sababu ya kifo cha Malkia Elizabeth. Na Malkia mwenyewe alishinda 1977 na Dunfermline, joki Willie Carson, akimpa Alleged kipigo pekee cha maisha yake. Alleged huyo alibeba Arc mwaka ule na uliofuata. Kwa hiyo si kwamba Leger ni ya waliokataliwa kwingine.

Kwa anayetaka kumsoma mshindi mapema, tazama milango mitatu, yaani mbio za kabla yake. Great Voltigeur ya York, Agosti: Logician na Continuous (2023) walipitia hapo. Gordon Stakes ya Goodwood: Conduit 2008, Jan Brueghel 2024. Queen's Vase ya Royal Ascot: Kew Gardens 2018 na Eldar Eldarov. Farasi aliyekuwa anaishiwa pumzi mita 200 za mwisho kwenye Derby mwondoe, hata jina liwe kubwa. Aliyekuwa anazidi kukaribia mstari ulipokatika, huyo mwandike.

Shayiri

Je, huwa hazihami Doncaster?

KwatoNne

Zimehama. Vita ya pili: 1939 hazikufanyika, 1940 Thirsk, 1941 Manchester, 1942 hadi 1944 Newmarket, 1945 York. 2006 York tena kwa sababu Doncaster ilikuwa inajengwa upya, akashinda Sixties Icon. Ya kuchekesha kwa machungu ni 1989: farasi walianguka kwenye mbio za mwanzo za wiki ile, ardhi ikakutwa na mashimo juu ya mifereji ya zamani iliyobonyea chini. Mbio za wiki ile zikavunjwa, Leger ikapelekwa Ayr, na Michelozzo akawa mshindi wa Klasiki ya kwanza kukimbiwa Scotland.

Dada Matandiko

Mlinzi, kuhusu "kufa". Ireland waliona soko lilelile wakafungua St Leger yao kwa farasi wakubwa tangu 1983. Japani hawakufungua: Kikuka Sho, iliyoigwa kutoka Doncaster, ni mita 3,000 pale Kyoto, farasi wa miaka mitatu tu, na Deep Impact 2005 na Contrail 2020 walimaliza nayo Mataji Matatu ya kwao. Hakuna aliyesema iliwaharibia thamani. Nairobi nako Ngong wanayo Kenya St Leger, kwa utaratibu uleule wa Guineas, Derby, Oaks, Leger.

Shayiri

La mwisho. Waliohasiwa wanaruhusiwa?

Dada Matandiko

Doncaster hapana. Madume kamili na majike tu, kwa sababu Klasiki ziliwekwa kuchagua wazazi.

Mlinzi wa Zizi

Wazazi wa farasi wa viunzi, sawa.

Falongi ya Mwisho

Conduit alikwenda Japani kuzalisha, Mlinzi.